Mtoto wa Kalenga asiachwe mikono mitupu

Ziara ya shule katika makumbusho yetu tunaijua sote. Basi linasimama, watoto wanapangwa mstari, wafupi mbele. Mwongozaji anaeleza, mwalimu anakazia neno moja, "msiguse", na watoto wanazunguka kabati za vioo mikono ikiwa nyuma. Kabla ya saa moja kwisha wako nje. Kesho yake darasani wanaulizwa tarehe mbili tatu, waliozikariri wananyoosha vidole, na safari imekwisha. Mzazi alilipa nauli, shule ilipoteza siku ya masomo, na mtoto hakufanya lolote kwa mkono wake.

Gazeti hili linatoa hukumu yake mapema ili isitafutwe kati ya mistari. Makumbusho yanayompokea mtoto na kumtoa bila kumpa kazi ya kufanya hayajamfundisha. Na msomi anayekwenda kukusanya michoro ya watoto kwa ajili ya shahada yake ya uzamivu, akaondoka nayo asirudi tena, amekosa zaidi, kwa kuwa yeye alijua thamani ya alichochukua. Hukumu hii inaihusu nchi nzima. Tunaianzia Kalenga, mkoani Iringa, kwa sababu hakuna kijiji nchini kinachoelewa vizuri zaidi uchungu wa kitu kuchukuliwa na kukawia kurudi.

Kabla Wajerumani hawajaanza mji wao mpya mwaka 1896, Iringa ilikuwa hapa Kalenga, kando ya Ruaha Mdogo. Jina lenyewe linatokana na lilinga, yaani ngome kwa Kihehe. Baada ya mashujaa wa Mtwa (mtawala wa Wahehe) Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga, huyu tunayemwita Mkwawa, kuliangamiza jeshi la Emil von Zelewski kule Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, Wajerumani walijipanga upya, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaiteka lilinga. Mtwa hakusalimu amri. Alipigana porini hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojiua kwa risasi huko Mlambalasi ili asikamatwe akiwa hai. Kichwa chake kikakatwa, kikapelekwa Ujerumani.

Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikirudishe kichwa hicho ndani ya miezi sita. Miezi sita hiyo iligeuka miaka 35. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, ndiye aliyekwenda Bremen mwaka 1953, akayakagua mafuvu yaliyokuwa yamehifadhiwa katika makumbusho ya mji huo, likachaguliwa moja lenye tundu la risasi na vipimo vilivyokaribiana na vya jamaa za Mtwa. Tarehe 19 Juni 1954 fuvu lilikabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Lilirudi Kalenga, na Kalenga liko hadi leo, ndani ya kioo katika Makumbusho ya Mkwawa.

Msomaji ajiulize mafuvu yale ya Bremen yalikusanywa na nani. Yalikusanywa kwa jina la elimu. Wasomi wa zama zile walipima vichwa vya watu ambao hawakuulizwa, wakaandika namba, wakapanga safu juu ya rafu, na hakuna aliyeona kwamba wenye vichwa wana ndugu wanaosubiri. Mtafiti wa leo anayekuja na penseli na karatasi nyeupe si mtu wa namna ile, na hatumlinganishi naye. Lakini desturi ya kuchukua bila kurudisha ni desturi kongwe, na huwa haianzi kwa nia mbaya. Huanza kwa haraka ya kumaliza kazi. Kwa hiyo inahitaji kuwekewa ukuta mapema.

Utafiti wenyewe tunaukaribisha kwa mikono miwili. Kuchunguza jinsi watoto wanavyochora, wanavyofinyanga na wanavyojifunza kwa kubuni ndani ya makumbusho ni kazi ya heshima yenye zaidi ya karne moja nyuma yake. Franz Cižek alifungua darasa la sanaa la watoto mjini Vienna mwaka 1897, akawaachia wachore ya kwao badala ya kunakili kazi za watu wazima. Miaka miwili baadaye, mwaka 1899, Brooklyn, Marekani, walifungua makumbusho ya watoto. Viktor Lowenfeld, naye mtu wa Vienna aliyehamia Marekani, alitoa mwaka 1947 kitabu kinachoonyesha hatua ambazo mchoro wa mtoto hupitia anapokua. Na mwaka 1992 John Falk na Lynn Dierking waliwaeleza wenye makumbusho kwamba mgeni hujifunza kutokana na mambo matatu yanayokutana: aliyokuja nayo kichwani, watu alioandamana nao, na mahali penyewe palivyo.

Afrika Mashariki haikuachwa nyuma katika jambo hili. Margaret Trowell, aliyeanzisha masomo ya sanaa Makerere katika miaka ya 1930, ndiye huyohuyo aliyesimamia Makumbusho ya Uganda. Kwake darasa la sanaa na chumba cha makumbusho vilikuwa kazi moja. Baada yake Klaus Wachsmann aliyafanya makumbusho hayo yajulikane kwa ala za muziki zilizopigwa wageni wakasikia. Na Elimo Njau, mtoto wa Marangu aliyesomea Makerere na kuanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, alipinga maisha yake yote tabia ya kumfundisha Mwafrika kunakili. Hawa walikuwa na vifaa vichache kuliko tulivyonavyo leo. Kisingizio cha umaskini, kwa hiyo, hakitoshi.

Tuangalie utafiti wa namna hii ungefanya nini Kalenga. Mtoto wa darasa la tatu haingii pale akiwa gunia tupu. Bibi yake amekwisha kumsimulia habari za Mtwa, pengine kwa Kihehe, pengine kwa namna isiyofanana na ya kitabu. Mtafiti makini angemwomba achore kabla ya safari, ili ajue nyumbani wamesema nini. Angemwomba achore tena akiwa palepale, karibu na ngao na mikuki. Kisha angerudi shuleni baada ya mwezi mmoja, amwombe achore kwa mara ya tatu, bila kitabu. Michoro mitatu ya mtoto mmoja ikipangwa mezani inaonyesha kilichobaki na kilichopotea, kuliko maswali 20 ya kuchagua herufi. Kazi hiyo haihitaji mashine. Inahitaji subira.

Inahitaji pia unyenyekevu. Mtoto wa miaka minane akimchora Mtwa mrefu kupita ukuta wa lilinga, mwalimu mwenye haraka atasema amekosea vipimo, na pengine atamkata alama. Aliyesoma kazi ya Lowenfeld atajua kwamba mtoto wa umri huo hukikuza kile kilicho kikubwa moyoni mwake. Akimchora askari wa Kijerumani hana mikono, msomi asikimbilie kuandika kurasa tatu za tafsiri. Amuulize mwenye mchoro. Huenda mtoto atajibu kwamba hakujua mikono ya mtu anayejaza mzinga inakaaje, na hapo papo swali jema la historia limezaliwa: mzinga ulijazwaje, nani aliubeba kutoka pwani, na waliolazimishwa kuubeba walikuwa wana wa nani? Mchoro ulioulizwa vizuri ni mlango. Mchoro uliochukuliwa bila kuulizwa ni karatasi.

Nyenzo za kumpa mtoto kazi ya mikono zimeuzunguka mji wa Iringa kila upande. Wanawake wa Kihehe wanasuka vikapu vya milulu vinavyouzwa hadi ng'ambo. Wafinyanzi wanajua udongo upi unashika na upi unapasuka motoni. Pembezoni mwa mji, mwamba wa Igeleke una michoro ya rangi iliyotiwa na watu walioishi hapa zamani za kale, ushahidi kwamba kuchora hakukuletwa na shule. Mjini kuna Boma la Wajerumani lililofunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa mwaka 2016. Na mtoto anayetoka Mbeya kwa barabara kuu, kilomita zipatazo 20 kabla ya kuingia Iringa mjini, anapita Isimila, penye mashoka ya mawe ya watu wa kale kabisa.

Habari za Isimila zinafaa kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya makumbusho. Mahali hapo palitambuliwa na wataalamu baada ya mwanafunzi wa shule moja ya Johannesburg, aliyekuwa safarini kutoka Nairobi mwaka 1951, kuokota zana za mawe. Profesa na vifaa vyao walikuja baadaye. Aliyeanza ni kijana wa shule aliyeinama. Leo sheria inakataza, na ina haki kukataza, mgeni kuokota mali ya kale. Lakini hakuna sheria inayokataza kumpa mtoto jiwe la kawaida na udongo wa mfinyanzi, chini ya jicho la mwalimu, ajaribu mwenyewe kuunda umbo la shoka la mkono na agundue jinsi ilivyo kazi ngumu. Mtoto aliyejaribu akashindwa hatawaita tena watu wa Isimila washenzi. Hilo ni somo la maadili lisilohitaji hotuba.

Tunajua pingamizi zitakazoletwa, na tunazijibu moja baada ya nyingine.

Watasema Kalenga pana mabaki ya marehemu, si mahali pa watoto kumwaga rangi. Hoja hii ni nzito, na ndiyo pekee tunayoiinamia. Fuvu la Mtwa lisigeuzwe zoezi la darasani. Kabla mtoto hajashika penseli, ukoo na wazee wa Kalenga waseme kipi kichorwe na kipi kisimamiwe kwa ukimya, na neno lao liwe la mwisho. Lakini Kalenga ina silaha za mashujaa, ina mto, ina masimulizi ya ukuta ulivyojengwa na ulivyobomolewa. Heshima haimzuii mtoto kufanya kazi. Mtoto anayekaa nusu saa akiitazama ngao moja ili aichore sawasawa ameiheshimu kuliko yule aliyepita mbele yake kwa hatua mbili.

Watasema hakuna fedha. Penseli, manila, mkaa wa kuchorea, ndoo ya udongo na mikeka ya kukalia haviwezi kuishinda halmashauri inayopata fedha za posho za vikao. Kinachokosekana ni mtu aliyepewa jukumu kwa jina na siku.

Watasema madarasa yana watoto wengi mno. Ni kweli, na walimu wanaobeba mzigo huo tunawaheshimu. Ndiyo sababu ziara igawanywe: kundi moja lisikilize maelezo, jingine lichore, jingine lifinyange, kisha wabadilishane. Mwalimu aliyewahi kuendesha siku ya michezo anaweza kupanga hilo.

Watasema sanaa haimo katika mambo ya lazima. Hapo wanasema uongo. Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 una somo la Utamaduni, Sanaa na Michezo kwa darasa la kwanza na la pili, una Sanaa na Michezo kuanzia darasa la tatu, na una Historia ya Tanzania na Maadili. Masomo hayo yote yanakutana Kalenga katika asubuhi moja. Tena Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unampa mtoto katika kifungu cha 31 haki ya kushiriki kikamilifu katika utamaduni na sanaa. Kushiriki ni kutenda. Aliyesimamishwa mstarini mikono nyuma hajashiriki.

Basi lawama zetu ziende wapi? Kwanza ziende kwa vyuo vikuu. Iringa ni mji wa vyuo. Kuna Chuo Kikuu cha Iringa, kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha, na kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichoanzishwa mwaka 2005 kuandaa walimu, kikiwa na jina la Mtwa mwenyewe kwenye lango lake. Chuo chenye jina hilo kina deni kwa Kalenga ambalo chuo kingine hakina. Tunataka tasnifu za uzamivu kuhusu watoto, sanaa na makumbusho zizaliwe hapa, zisimamiwe na watu wanaojua milulu ni nini, na ziulize maswali ya hapa. Msomi wa mbali akija, aje kama mshirika wa msomi wa hapa, asiwe bwana mwenye maswali tayari huku mwenyeji akibaki kuwa mkalimani na mbebaji wa karatasi.

Na kila mtafiti, wa ndani au wa nje, afungwe na masharti manne. Sharti la kwanza: mzazi aridhie, na mtoto naye aulizwe kwa lugha anayoielewa, akiwa na ruhusa ya kusema hapana. Sharti la pili: mchoro ni mali ya aliyeuchora. Mtafiti apige picha ya mchoro, ya asili ibaki shuleni au nyumbani kwa mtoto. Na kama lazima ya asili isafiri, iandikiwe tarehe ya kurudi. Sharti la tatu: kabla ya tasnifu kuhesabiwa kuwa imekamilika, muhtasari wake kwa Kiswahili chepesi ufikishwe kwa shule, kwa makumbusho na kwa serikali ya kijiji, na mtafiti asimame mbele ya wazazi aeleze alichokiona. Tasnifu nyingi za elimu zinaandikwa kwa Kiingereza, ilhali mwalimu wa shule ya msingi ya serikali anafundisha kwa Kiswahili. Maarifa yasiyomfikia mwalimu huyo hayajafika kokote. Sharti la nne: mtafiti aache kitu kinachofanya kazi baada yake, iwe ni meza ya kufinyangia, mwongozo wa ziara, au mwalimu aliyefunzwa. Tume ya Sayansi na Teknolojia, inayotoa vibali vya utafiti nchini, ina uwezo wa kuyafanya masharti hayo kuwa sehemu ya kibali. Tunaitaka ifanye hivyo.

Lawama ya pili iende kwa wenye dhamana ya makumbusho. Mwaka 2022 mjini Prague, Baraza la Kimataifa la Makumbusho lilipitisha maana mpya ya neno makumbusho, na ushiriki wa jamii umo ndani yake. Maana hiyo haitatimizwa kwa vibao vipya vya maelezo. Makumbusho ya Mkwawa yatengewe chumba au banda moja la kazi za watoto, lenye mtu anayelijua jina la kila kifaa kwa Kihehe na kwa Kiswahili, na kuta za kutundika kazi hizo. Michoro ya watoto wa Kalenga itundikwe Kalenga, hatua chache kutoka kwa Mtwa wao, ili mgeni atokaye mbali aone historia na warithi wake kwa wakati mmoja.

Lawama ya tatu iende kwa Halmashauri ya Wilaya ya Iringa na maofisa elimu wake, kwa kuwa wao ndio wanaoruhusu ziara na ndio wanaoweza kukataa ziara isiyo na mpango. Shule ikiomba kibali cha safari, iulizwe: watoto watafanya nini wakifika? Jibu likiwa "wataona", kibali kisitolewe mpaka jibu jingine lipatikane. Ushauri huu ni wa wilaya zote za Nyanda za Juu Kusini. Mtoto wa Mbeya anayepelekwa mkoa jirani wa Songwe kutazama Kimondo cha Mbozi naye asirudi na picha ya simu ya mwalimu peke yake.

Wazazi nao hatuwaachi. Anayemchapa mtoto kwa kuchora ukutani kwa mkaa, kisha akalalamika kwamba shule haimfundishi mtoto kubuni, ajitazame. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Walikuwa wanazungumzia malezi, lakini mfinyanzi yeyote wa Iringa atakwambia ni kweli pia kwa udongo wenyewe: ukikauka, utaupasua tu.

Kichwa cha Mtwa kilikaa ugenini miaka 56. Waliokirudisha walilazimika kwenda kukitafuta kati ya mafuvu yaliyokwisha kupoteza majina. Michoro ya watoto nayo hupoteza majina upesi ikiwekwa kwenye sanduku la mtu mwingine: inakuwa mchoro wa 14, msichana, miaka tisa. Kizazi hiki hakina sababu ya kurudia safari ile kwa vitu vidogo, huku kikijua ilivyokuwa.

Gazeti hili litapima utekelezaji kwa kipimo kimoja ambacho hakiwezi kupambwa kwa taarifa ya maandishi. Siku mtoto atakaporudi nyumbani kutoka Kalenga, mama yake akamuuliza, "Umeleta nini huko?", awe na kitu cha kumwekea mkononi, alichokifanya mwenyewe, na awe na maneno ya kukieleza. Mpaka siku hiyo ifike, ziara hazijafundisha, tafiti hazijakamilika, na deni halijalipwa.